Tunaifunga midomo kabla ya kusikia kilio



Ndugu zangu Waislamu, mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu. Mwezi uliopita nilimkuta mwanafunzi wangu mmoja wa kike akiandika wakati wa somo. Nilimnyang'anya daftari, nikaona mashairi ya muziki wa kufokafoka, ule ambao vijana wanauita rap. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa binti mwenye hijabu kuandika upuuzi ule ni aibu kwa wazazi wake na kwa dini yake. Hakujibu. Siku iliyofuata hakuja, na hadi leo hajarudi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimkumbuka mwanamke mmoja wa Ufaransa, Mélanie Georgiades, aliyezaliwa Cyprus mwaka 1980 na kukulia katika vitongoji vya Paris. Mashabiki walimjua kwa jina la Diam's. Mwaka 2006 albamu yake "Dans ma bulle" iliongoza kwa mauzo Ufaransa nzima. Mabinti wa nchi ile walimuiga mavazi na maneno. Alikuwa na fedha, tuzo na kumbi zilizojaa watu. Kwa macho ya dunia, alikuwa amepata kila kitu.

Lakini nyumbani alikuwa anazama. Yeye mwenyewe alikuja kusimulia jinsi alivyoishi kwa vidonge, akalazwa hospitali ya maradhi ya akili, na akafika mahali pa kutaka kujiua. Umati uliomshangilia haukuweza kumpa usingizi wa usiku mmoja. Na sisi tunaosoma Sura Ar-Ra'd aya ya 28 hatushangai, kwa kuwa Mola wetu ametufundisha kwamba nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Yeye.

Sasa zingatieni, ndugu zangu, jinsi mlango ulivyofunguka. Siku moja alikuwa na rafiki yake Muislamu. Wakati wa swala ulipoingia, rafiki yule aliaga kuwa anakwenda kuswali kisha atarudi. Hakumhutubia wala hakumkejeli kwa nyimbo zake. Diam's akasema naye anataka kuswali. Akaweka paji la uso wake chini, na baadaye, akiwa kisiwani Mauritius, akaisoma Qur'an mwenyewe. Akasilimu.

Novemba 2009 alitoa albamu yake ya mwisho, akaiita "S.O.S.", yaani ule wito ambao meli inayozama huutuma ili iokolewe. Ndani yake anautazama umaarufu alioukimbilia na kuuona kuwa ni jangwa. Upo pia wimbo unaoitwa "Lili", unaohusu msichana aliyefungiwa mlango wa shule kwa sababu ya hijabu yake. Hilo si jambo la kubuni, kwani mwaka 2004 Ufaransa ilipitisha sheria inayowakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za wazi za dini, na waliobanwa zaidi ni mabinti zetu. Wiki chache tu kabla ya albamu kutoka, jarida la Paris Match lilikuwa limechapisha picha yake akiwa na hijabu, akitoka msikitini. Waliomwita sauti ya vijana wa Ufaransa wakaanza kumuuliza maswali kama mtuhumiwa. Mwaka 2012 alichapisha kitabu cha maisha yake na kueleza kwa nini ameachana na muziki.

Habari zile zilipotufikia, tulipeana ile picha kwa furaha, kama mashabiki ambao timu yao imefunga bao. Wangapi kati yetu tulijiuliza juu ya yule rafiki? Na lau Diam's angekutana kwanza na mwalimu kama mimi, angeswali?

Siandiki haya ili kuhalalisha muziki. Jamhuri ya wanazuoni wamekataza ala za muziki, nami ndivyo ninavyofundisha. Lakini maneno yenye vina si uzushi wa Marekani wala Ufaransa. Mwishoni mwa Sura Ash-Shu'araa Mwenyezi Mungu (S.W.) anawalaumu washairi wanaotangatanga, kisha anawatoa katika lawama hiyo walioamini na kutenda mema. Hassan bin Thabit (R.A.) aliutetea Uislamu kwa mashairi, na Mtume (S.A.W.) akamuombea dua. Basi kwa nini mimi nilihukumu daftari zima kwa kurasa mbili?

Imam Ahmad amepokea kuwa kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mama yake, binti yake na dada yake. Kisha akamuwekea mkono na kumuombea dua. Hakuihalalisha zinaa, na wala hakumfukuza kijana. Na Musa na Harun (A.S.) waliamrishwa kusema kwa upole na Firauni, mtu aliyejiita mungu. Mimi nilishindwa upole kwa binti wa kidato cha tatu.

Wiki iliyopita nilirudisha lile daftari kwao. Kabla ya kulirudisha nilimaliza kulisoma. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa juu ya baba yake aliyefariki, na mama anayeamka kabla ya alfajiri kukaanga vitumbua ili apate ada. Mwaka mzima nimemfundisha, na sikuwa na habari. Nilimuomba radhi mbele ya mama yake. Aliinamisha kichwa, akasema tu, "Nimesikia, ustaadh." Sijui kama atarudi. Kiti chake kipo.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, tuwakataze watoto wetu yaliyokatazwa, hiyo ni amana. Lakini kabla ya kuwanyang'anya daftari na simu, tuwaulize wanaandika nini na wanasikiliza nini, na kwa nini. Huenda ndani yake mna wito wa mtu anayezama, na sisi ndio tulio karibu naye kuliko wote.

Wabillahi tawfiiq.