Maji ya Kisima na Maji ya Mfereji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia maji kuwa asili ya kila kilicho hai, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ukikaa barazani baada ya sala ya Alasiri utawasikia wazee wakitaja siku za utoto wao, na mwisho wa mazungumzo huwa ni neno lile lile, kwamba dunia imeharibika. Vijana walio kando hutazamana wakacheka. Sisi twaona kuwa sifa ya jumla kwa mambo ya kale haimfai mzee wala kijana. Lililo bora ni kulichukua kila jambo peke yake na kulipima kwa mizani ya Sheria, ipate kujulikana lipi katika yaliyoondoka lilikuwa ni ada tu, na lipi lilikuwa ni haki ya watu ambayo tutaulizwa kwayo. Leo tutachukua jambo moja, nalo ni maji.

Wazee wetu wa Mombasa waliozaliwa katika miaka ya 1940 wanakumbuka vizuri. Mifereji ilikuwako mjini, lakini nyumba nyingi hazikuwa nayo, na watu walitegemea visima na wachukuzi wa maji waliopita mitaani na mizega yao, debe mbele na debe nyuma. Maji ya kunywa yalitiwa mtungini, na mtungi hufukizwa ubani. Msikitini mtu alitawadha birikani kwa kata, na aliyeingia wa kwanza alfajiri ndiye aliyeshika kamba akateka. Kisha katika miaka hiyo ya 1950 yakaletwa maji ya chemchemi za Mzima, kutoka Tsavo huko bara, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na miaka mingi baadaye yakaja ya Baricho, kando ya mto Sabaki. Nyumba baada ya nyumba ikatiwa mfereji, na kamba za visima zikaozea pembeni.

Je, jambo hili ni kheri au ni shari? Ni kheri bila ya shaka, wala asitokee mtu akatwambia kuwa maji ya kisima yalikuwa na baraka kuliko ya mfereji. Visima vingi vilikuwa hatua chache tu na mashimo ya vyoo, na homa ya matumbo na kipindupindu havikuchagua nyumba ya mcha Mungu wala ya fasiki. Wako waliokuwa wakitia marashi na kufukiza ubani penye kisima kwa kuogopa pepo wa humo, na hili tulikataa zamani na twalikataa leo, kwani kisima hakina mwenyewe ila Mwenyezi Mungu. Msichana aliyeshinda njiani na ndoo kichwani alikosa darsa ya chuoni. Na tukirudi nyuma zaidi, katika nyumba za wenye mali hawakuteka wenyewe, walitekewa na watumwa, mpaka utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Anayesifu raha ya zamani na aulize kwanza raha hiyo ilichukuliwa juu ya kichwa cha nani.

Lakini liko jambo moja ambalo wazee wanalilia kwa haki, ingawa mara nyingi hawalitaji kwa jina lake. Kisima hakikuwa na kufuli. Mwenye nacho na asiye nacho walisimama pamoja wakingoja zamu, na kwa kusimama pamoja wakajuana. Aliyekosa kuonekana kisimani siku mbili, jirani alikwenda kubisha mlango wake kumtazama. Visima vingi vilikuwa ni wakfu au vilijengwa pamoja na misikiti. Mtu akitazama magofu ya Gedi ataona kuwa msikiti mkuu una kisima chake ubavuni, na katika Mji wa Kale wetu kiko kisima mkabala wa Msikiti wa Mandhry. Waliojenga walijua kuwa haitoshi kumwita mtu kwenye sala usimpe cha kutawadhia.

Sasa tazameni hali yetu. Mji umekua, na maji ya mifereji hayawatoshi watu. Ziko nyumba ambazo mfereji wake hutoa upepo siku kadha wa kadha. Mwenye uwezo amechimba kisima cha mashine ndani ya ukuta wake, akaweka matangi juu ya dari. Asiye na uwezo hungoja mkokoteni, akanunua mtungi wa lita 20, na bei hupanda kila ukame unapozidi. Twamjua mama mmoja mjane ambaye ukuta wa chumba chake umeshikana na ukuta wa nyumba yenye kisima cha namna hiyo. Usiku huisikia mashine ikivuta maji, na asubuhi hutoa pesa akanunua ya mkokoteni. Mwenye nyumba ile huswali safu ya kwanza.

Hukumu ya jambo hili si ngeni wala haihitaji fatwa mpya. Mtume (s.a.w.) amekataza kuzuia maji yaliyozidi haja, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Katika mapokezi mengine ya Bukhari amemtaja mtu aliyekuwa na maji ya ziada njiani akamnyima msafiri, kuwa ni miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama Siku ya Kiyama. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamefafanua, na ufafanuzi wao una uadilifu mkubwa. Maji uliyokwisha kuyateka ukayatia chomboni mwako ni milki yako, unaweza kuyauza, basi mwenye mkokoteni hana lawama, anakula jasho lake. Ama maji yaliyomo kisimani yakizidi haja yako, hukupewa ruhusa kumnyima mtu mwenye kiu wala mnyama wake, wala kumtoza thamani ya maji hayo. Lakini, wakasema, hukulazimishwa kumwazima kamba yako na ndoo yako.

Zingatieni neno hilo la mwisho. Kamba na ndoo za leo ni mashine na umeme. Mwenye kisima akisema, "Umeme nalipia mimi," amesema kweli, na ana haki ya kurudishiwa gharama ya kuvuta. Lakini gharama ya kuvuta ni kitu kimoja, na bei ya kiu ya jirani ni kitu kingine. Naye anajua tofauti yake, kwani karatasi ya umeme huletewa kila mwezi.

Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma huko Madina, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alimwahidi pepo atakayekinunua akaifanya ndoo yake sawa na ndoo za Waislamu wengine. Hakuambiwa awape yeye asiteke. Aliambiwa awe sawa nao. Naye Saad bin Ubada alipouliza sadaka iliyo bora kwa mama yake aliyekufa, aliambiwa maji, akachimba kisima. Sisi wafu wetu twawapikia mapilau ya khitma siku tatu, wakala walioshiba, na katika mtaa huo huo hakuna sabili hata moja.

Tena liko la israfu. Imepokewa kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, nayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kiasi. Simameni leo penye mifereji ya msikiti wowote saa ya Magharibi mtazame maji yanavyokimbia huku mtu anazungumza na mwenziwe habari za mpira. Aliyetumia kata alilijua kadiri ya udhu wake. Na kisiwa hiki ni cha mawe ya matumbawe. Kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini, na maji ya chumvi yakishaingia hayamkosi mwenye tangi wala asiye nalo.

Lililobaki ni visima vya wakfu. Viko vilivyofukiwa, viko vilivyozungushiwa maduka, na sharti la aliyeweka wakfu lina nguvu kama tamko la Sheria, haliondolewi na mpangaji wala na msimamizi. Alhamisi baada ya Isha darsa yetu itasoma mlango wa kuhuisha ardhi katika Minhaji ya Imamu Nawawi, ambamo hukumu za maji zimo. Aliye na hati ya wakfu ya kisima, au mzee anayekumbuka kilipokuwa kisima cha mtaa wake na nani alikiweka, na aje nayo, na mwandishi atakuwapo kuyaandika.