Gari la Nani?

Forester XT yangu, tabo ya lita 2, imetumika Japani lakini Bura ni mpya. Nilipofika niliiegesha kando ya barabara ya Voi–Taveta makusudi, watu waione. Nikawasimulia mipango: ekzosi ya kunguruma, rimu pana, kisha niishushe kidogo. Vijana wakapiga picha. Mama akauliza tu, “Ukiishusha, itafika kwa nyanya yako?” Njia ya huko ni mawe na makorongo.

Kujionyesha si dhambi; furaha hutaka mtu wa kuiona. Ila anayekushangilia anataka gari lipite, anayekutegemea anataka lisimame. Nyanya akiugua usiku, atahitaji kufikishwa hospitali Voi, si kusikia ngurumo.

Basi nitaanza na springi za kuiinua. Ekzosi? Bado naiwaza, kusema kweli.