Kiota si Ridhaa

Husemwa na wafugaji kuwa ndege atagaye tunduni ameridhika. Kauli hii yataka kupimwa.

Asili ya kanari ni visiwa vya Atlantiki: Azores, Madeira na Visiwa vya Kanari. Jike hujenga kiota kilicho wazi mithili ya kikombe, akalalia mayai peke yake siku 13 au 14, huku dume akimlisha. Mwenziwe tunduni ni ndege mdogo wa Australia, mwenye mdomo mwekundu na mkia wa milia kama ya pundamilia. Huyu hupenda kiota kilichoezekwa, na dume na jike hupokezana kulalia. Mwituni wasingekutana, bahari kuu mbili zawatenga. Aliyewakutanisha ni mfugaji.

Basi wa Australia huchomoa nyuzi za kiota cha jirani, pengine akajenga juu ya mayai yake. Mwenye tundu humwita mwizi. Lakini ni wizi gani huo, ikiwa aliyeumbwa kujenga hana pengine pa kuokota unyasi?

Kutaga, basi, si ridhaa. Ni uhai kushika njia yake hata palipo finyu. Wala kufungua mlango leo si jawabu: vizazi kwa vizazi vimezaliwa tunduni, na huko nje havijui pa kula. Lililobaki ni deni: kila jozi ipewe tundu lake, nafasi na nyuzi za kutosha. Na makinda yakianguliwa, mfugaji asiyahesabu kuwa ni shukrani. Aliyefunga mlango ndiye mdaiwa.