Kuandika Makosa ya Watu

Kazi ya kuandika hesabu ya mchezo kwa mkono yaonekana duni mbele ya kazi ya kucheza. Mchezaji hutoka jasho akashangiliwa. Mwandishi hukaa kivulini na daftari gotini, na hapana amtazamaye. Hata hivyo, nadhani uwanjani hapana mtu aliye karibu na kiti cha kadhi kama yeye. Jambo hili sikulijua mpaka nilipoikalia nafasi hiyo mwenyewe huko Mkange, katika mchezo ambao wengi wa wenyeji hawakuwa wamepata kuuona.

Mkange ni kijiji cha wilaya ya Bagamoyo, kaskazini ya mto Wami, upande wa Saadani. Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli. Si ajabu kubwa kama msomaji atakavyodhani: tangu miaka ya 2010 Wajapani wameusaidia mchezo huu kuota mizizi katika shule za Tanzania, na mwaka 2018 uwanja wake ulifunguliwa katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Mpwa wangu aliujifunza shuleni mjini, akaja likizo na magongo mawili na mfuko wa glavu kuukuu, akawakusanya vijana wa kijiji na kuwafundisha kwa wiki tatu. Siku ya mchezo alinikabidhi daftari. "Mjomba," alisema, "wewe ndiwe msomi, utuandikie." Nilikubali kwa kiburi kidogo. Mtu aliyezoea kusahihisha tasnifu atashindwaje na mchezo wa vijana?

Uandishi huo una lugha yake. Kila mlinzi wa uwanja ana nambari: mtupaji ni 1, mdakaji akaaye nyuma ya mpigaji ni 2, na yule asimamaye kati ya kituo cha pili na cha tatu ni 6. Mpira ukiokotwa na 6, akampa 4, naye akampa 3, mwandishi huandika 6-4-3, na watu wawili wametolewa. Tarakimu tatu zimebeba habari ambayo mzee wa barazani angeisimulia mpaka kahawa ikapoa. Mtu atajwaye zaidi katika asili ya hesabu hizi ni Henry Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1824 na kukulia Marekani. Na hesabu yake ina mizani: idadi ya waliosimama kupiga sharti ilingane na waliopata mikimbio, na walioachwa vituoni, na waliotolewa, wakijumlishwa pamoja. Akipungua mmoja, mwandishi alisinzia.

Lakini yako yasiyopimika kwa mizani hiyo. Mpira ukimpita mlinzi, mwandishi huamua kama ni sifa ya mpigaji au ni kosa la mlinzi. Kanuni yamtaka aulize: je, juhudi ya kawaida ingalitosha kuudaka? Haulizi juhudi ya bingwa, wala ya mvivu. Tena kanuni hiyo yasema aliyechelewa kufikiri haandikiwi kosa. Mikono ndiyo ishitakiwayo, akili husamehewa. (Sisi walimu twafanya kinyume, wala sijui ni nani kati yetu aliye na haki.) Kisha huja kazi ngumu zaidi. Ili ajue mikimbio ipi ni deni la mtupaji, mwandishi hana budi kuijenga upya zamu nzima fikirani, kana kwamba kosa halikutendeka, aone mambo yangalikwendaje. Wanafalsafa wangapi wamechoshwa na swali hilo hilo, na hapa huulizwa mtu mwenye kalamu ya risasi, tena ajibu kabla ya mpira unaofuata!

Katika zamu ya tano wawili walikuwa wametolewa, na hapakuwa na mtu kituoni. Mtupaji wetu, kijana mwembamba wa kitongoji cha pili, alikuwa ametupa vyema mchana kutwa. Mpigaji akapiga mpira wa chini, taratibu, moja kwa moja kwa mpwa wangu, aliyekuwa nambari 6. Ukampita katikati ya miguu. Mpigaji aliyefuata akaupeleka mpira mpaka kwenye mikorosho, watu wawili wakarudi nyumbani, na mchezo ukapotea kwa mikimbio hiyo miwili.

Kanuni yasema mpira ukiruka kwa namna isiyo ya kawaida, mlinzi hana kosa. Uwanja ule una mizizi na vichuguu. Nikajiambia kwamba niliuona mpira ukigusa mzizi. Nikaandika sifa kwa mpigaji.

Sikuwa na nia mbaya. Nilimhurumia mtoto wa dada yangu mbele ya kijiji chote. Wako watakaosema huruma ya namna hiyo haidhuru mtu. Kant, katika makala yake ya mwaka 1797, aliukataa uongo hata ule wa kumficha rafiki kwa muuaji. Mimi siwezi kwenda naye mpaka huko: ningemdanganya muuaji yule na kulala usingizi. Lakini katika daftari langu kosa halikufutika, lilihama tu. Maadam mpwa wangu hakukosa, ile mikimbio miwili ilikuwa deni la mtupaji, na kalamu yangu ikamwandikia. Nilitoa sadaka kwa mfuko wa mtu mwingine.

Jioni yule mtupaji alikuja barazani kulitazama daftari. Alifuata mistari kwa kidole, polepole, kwa kuwa alikuwa amejifunza kuisoma wiki ile ile. "Shikamoo, mwalimu. Hii miwili ni yangu?" Nilimwambia ndiyo. Akashukuru, akaaga. Laiti angalibisha, ningalipata la kujitetea. Lakini alikuwa ameamini kwamba kilichoandikwa na mtu mzima, tena msomi, ndicho kilichotokea.

Katika ligi kuu za Marekani mwandishi hupewa saa 24 baada ya mchezo kukamilisha hukumu zake. Mimi nilitumia kumi na mbili, nyingi katika hizo macho yakiwa wazi. Asubuhi nililikata lile neno kwa mstari mmoja, ili la kwanza lisomeke chini yake, nikaandika kosa, 6, nikaihesabu upya zamu. Mikimbio ya deni la mtupaji: hakuna. Nikamwita mpwa wangu, nikamwonyesha.

Alilitazama daftari kitambo kirefu. Kisha akauliza, "Mjomba, yeye umemwonyesha?"

"Bado."

Akalitia daftari kwapani, akashika njia ya kitongoji cha pili. Nami nilivaa viatu nikamfuata, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa na makosa mawili, na moja halikuwa lake.