Je, Kabila Zima Laweza Kuwa na Kosa?

Ugomvi utokeapo mjini, watu huuliza upesi: Ni nani mkosaji? Na mara nyingi hujibiwa kwa jina la kabila: "Ni wale." Neno hilo ni fupi, lakini limeua wengi. Yafaa basi lipimwe kwa akili, na mfano wake hauko mbali: uko Likasi, penye mitambo na kambi za Panda.

Zamani mji huo uliitwa Jadotville. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi ya kuchimba na kuyeyusha shaba. Ikaandika watu wa nchi mbalimbali, wengi wao kutoka Kasai. Tangu miaka ya 1920 iliwataka wakae kambini pamoja na wake zao. Watoto wakazaliwa huko, na wazee wakazikwa huko.

Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita kuu ya pili, vitu vilikuwa ghali na mshahara haukutosha. Wafanyakazi weusi waligoma katika Jadotville na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Askari wakawapiga risasi, watu wakafa. Wagomaji wale walikuwa wa makabila mbalimbali, lakini dai lao lilikuwa moja, nalo walilipeleka kwa yule aliyelipa mshahara.

Mwezi wa Agosti 1992 mambo yakawa mengine. Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, alipoteza cheo cha waziri mkuu; akachaguliwa Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai. Ndipo vijana wa UFERI, chama cha Nguz, walipowashambulia Wakasai wa Likasi, wakiwaita bilulu, yaani wadudu. Maelfu walifukuzwa nyumbani, wakalala katika shule na stesheni, wakingoja gari la moshi la kwenda Kasai, nchi ambayo watoto wengi hawakuwahi kuiona. Wengine walikufa kwa njaa na maradhi.

Je, watu wa Katanga hawakuwa na lalamiko? Walikuwa nalo. Wengi waliona kazi nzuri zikishikwa na wengine, na kampuni ya Gécamines ikididimia. Lalamiko la namna hiyo lastahili kusikilizwa. Lakini ni nani aliyewaandika watu wa Kasai? Ni nani aliyepanga vyeo na mishahara? Si fundi wa Panda, wala mkewe auzaye mihogo sokoni.

Hii ndiyo tofauti. Watu wa 1941 walidai haki kwa mwenye uwezo wa kuitoa. Watu wa 1992 walimlipiza kisasi jirani asiye na uwezo wowote. Nchini Kenya pia, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani alimwinukia jirani, na zaidi ya watu 1,000 wakafa.

Kosa ni tendo la hiari, na hiari ni ya mtu mmoja mmoja. Hakuna mtoto achaguaye kabila lake. Ndiyo sababu aendaye kuungama hutaja dhambi zake mwenyewe, wala haulizwi dhambi za ukoo wake.

Basi, mkatekumeni aitwapo kujiunga na kundi lolote, aulize kwanza: Twadai haki gani? Twaidai kwa nani? Akijibiwa kwa jina la kabila, arudi nyumbani, na mlango wake ubaki wazi kwa jirani.