Kazi ya Mikono Mingi Ni ya Nani?



Leo nataka kuwauliza neno lililo dogo machoni, lakini zito rohoni. Watu wengi wakitengeneza pamoja kitu kizuri, kitu hicho ni cha nani? Na yule asiye na ufundi, je, ana haki ya kutia mkono wake?

Sikilizeni yaliyonipata mimi mwenyewe. Katika kijiji kimoja, kando ya njia itokayo Fizi kuteremkia Baraka, tuliazimia kupamba ukuta wa kikanisa chetu, nyuma ya altare. Tulipatana kuchora wavu wa Petro uliojaa samaki, kila nyumba ichore samaki mmoja. Hatukuwa na fedha za rangi ya dukani. Tulitwaa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi ya vyungu.

Kati yetu alikuwapo mama mmoja mzee. Alikuwa amekimbia vita, akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, nchi ya Tanzania. Mwajua jinsi merikebu zilivyoanza mwaka 2005 kuwarudisha watu wetu kutoka Kigoma mpaka Baraka, na jinsi wengine walivyokuta mashamba yao yanalimwa na watu wengine. Mama huyu naye alitazamwa bado kama mgeni. Mkono wake ulitetemeka, na samaki wake akatoka amepinda, mkia mkubwa kupita kichwa.

Mimi niliona haya, kwa kuwa Jumapili Padri alikuwa aje kuubariki ukuta. Basi Jumamosi jioni, watu walipokwisha kutawanyika, nilimfuta samaki yule, nikachora mwingine aliye mzuri. Kesho yake mama alikuja mapema, akamtafuta samaki wake kwa kidole, mmoja baada ya mmoja. Hakumwona. Hakusema neno, alikwenda kuketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Hapo nilifahamu kosa langu. Nilikuwa nimemwambia, bila kufungua kinywa, ya kuwa kwetu hana nafasi.

Labda mtu atasema: “Mwalimu, je, Mungu hastahili kupewa kilicho bora?” Naam, astahili. Afanyaye vibaya kwa uvivu amkosea Mungu na wenzake. Lakini uvivu ni kitu kimoja, na udhaifu ni kitu kingine. Katika Kitabu cha Kutoka twasoma jinsi Waisraeli walivyoitengeneza hema ya Mungu jangwani. Mafundi wakubwa walikuwa Besaleli na Oholiabu. Hata hivyo wanawake walisokota manyoya ya mbuzi, na kila mwenye moyo wa kupenda alileta sadaka yake, mpaka Musa akawakataza watu kuleta zaidi. Tena Mungu aliwajalia mafundi wale wawili wawafundishe wengine. Angalieni sana jambo hilo: fundi amepewa ufundi wake ili amshike mkono asiyejua. Nami ningaliweza kuketi karibu na mama yule tangu mwanzo.

Fikirini pia wavuvi wetu wa Baraka. Usiku huwasha taa, ndagala hufuata mwanga, na wavu huinuliwa na watu wengi kwa pamoja. Asubuhi hakuna awezaye kuonyesha ndagala mmoja na kusema, “Huyu nilimvua peke yangu.”

Basi jibu ni hili: kazi ya mikono mingi ni ya Mungu kwanza, kisha ni ya wote walioitia mkono. Amwondoaye mwenzake katika kazi hiyo amwibia. Mimi niliiba, na mafundisho yetu yasema kwamba kilichoibwa sharti kirudishwe. Nilikwenda kwa mama, nikamwomba radhi mbele ya jirani zake. Nilimwosha ukutani samaki wangu mzuri, mama akachora tena, nami nikamshikia bakuli la udongo. Samaki wake yupo hata leo, mkia umepinda.

Nanyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, mtaitwa siku moja kupaka ukuta, kufuma mikeka ya kanisa au kuimba pamoja. Kabla ya kulala usiku wa leo, kila mmoja ajiulize moyoni: Ni nani kijijini kwetu ambaye bado hajapewa nafasi? Akimkumbuka, kesho asubuhi aende kumwita.