Usiyaite Matumizi Akiba

Mtu akishakipenda kitu, hakosi hesabu ya kukihalalisha. Baadhi ya ndugu zetu wanaoishi Marekani, walioingia katika uwindaji wa kulungu na mchezo wa shabaha, wana hesabu yao: risasi za dukani ni ghali, afadhali tununue mashine tujaze wenyewe nyumbani. Huko sheria inamruhusu mtu kujijazia risasi za matumizi yake. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni jinai, kwa hiyo ufundi huu ni wa walioko huko. Tabia ya kujidanganya kwa hesabu, hiyo ni yetu sote.

Hesabu yenyewe ina msingi. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki, baruti na kichwa kinachoruka. Ganda mara nyingi ndilo ghali kuliko vyote, na halifi kwa mlio mmoja. Likiokotwa, likasafishwa na kurudishiwa umbo lake, hujazwa tena mara kadhaa. Hapo ndipo akiba inapotoka.

Sasa andika hesabu yote. Tuseme seti ya kuanzia, yaani mashine ya mkono, mizani na vifaa vyake, imekugharimu dola 400. Risasi ya bastola ya milimita 9 si ghali dukani; ukiokoa senti 10 kwa kila moja, utajaza 4,000 ndipo fedha yako irudi. Risasi kubwa ya kuwindia huweza kupita dola moja. Ukiokoa senti 50, utajaza 800. Mwindaji anayemaliza boksi mbili za risasi 20 kwa msimu atasubiri miaka 20. Na hapo fataki na baruti ziwepo madukani. Mwaka 2020 na 2021 fataki ziliadimika Marekani, wengi wakabaki na mashine wasiwe na cha kujaza.

Wazoefu wenyewe hutaniana kwamba kujaza risasi hakupunguzi matumizi. Hukufanya upige nyingi zaidi kwa fedha ileile. Hakuna ubaya kupenda kazi ya mikono, wala kutaka risasi iliyopimwa kuifaa bunduki yako. Ubaya ni kumwambia mwenzio wa ndoa kwamba unaiokolea nyumba fedha, huku ada ya mtoto ikisogezwa mwezi ujao. Mwambie wazi: jambo hili nalipenda, na bei yake ni hii. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi kila kopo la baruti liingie daftarini, na daftari likae mahali anapoliona.

Mkishakubaliana, jua pa kubana na pasipobanwa. Bana kwenye kasi. Mashine ya hatua moja hufanya kazi moja kila uvutapo mkono wake, na anayejifunza hupata nafasi ya kukagua kila ganda. Zile za haraka, zinazotoa risasi kamili kwa kila mvuto, ni ghali na zina mengi ya kuangaliwa kwa wakati mmoja. Lakini usibane kwenye mizani, kwenye miwani ya kukinga macho, wala kwenye kitabu cha vipimo kinachotolewa na watengenezaji.

Baruti hupimwa kwa greni, na ratili moja ina greni 7,000; ujue udogo wa kosa linalotosha kuleta msiba. Ganda la bastola laweza kumeza kipimo maradufu bila kufurika, silaha ikapasuka mkononi. Lisilo na baruti kabisa nalo, fataki huweza kukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua. Kwa hiyo usijaze huku simu iko sikioni, usiwe na usingizi wala kileo kichwani, na usifuate kipimo cha kuambiwa barazani.

Mtutu ukipasuka haumchagui aliyekosea. Katika uwanja wa shabaha kuna mtu kulia kwako na mwingine kushoto, nao hawakuulizwa kama wanakubali uvivu wako. Usimgawie rafiki risasi ulizojaza. Zimepimwa kwa bunduki yako, si yake. Ukitengeneza za kuuza, sheria inakutaka uwe na leseni ya shirikisho. Nyumbani, baruti ibaki katika kopo lake la asili, ifungiwe mbali na watoto na moto. Na kwa kuwa vumbi la fataki zilizotumika huwa na madini ya risasi, nawa mikono kabla hujagusa chakula wala mtoto.

Kabla hujatoa hata dola moja, mwombe mzoefu akukalishe mezani pake jioni moja, umsaidie kupima ganda baada ya ganda. Ukijiona unachoka na kuanza kukisia, mshukuru, uende ukanunue risasi za dukani bila haya yoyote.